Kibaiskeli Kati ya Vitanda Viwili

Jumapili ile walikutana karakanani kama watu wanaoibiana, ilhali walikuwa mume na mke wa ndoa halali, pete zote mbili vidoleni.

Mke ndiye aliyechelewa. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akalisukuma komeo, akapita katikati ya vioo huku ameikusanya sketi yake mkononi isikwaruzwe. Vioo vilikuwa vimeegemezwa ukutani kila upande: vya madirisha, vya milango ya kabati, na vile vidogo vya kunyolea ndevu. Kila alikotazama alijiona, na nyuma ya mabega yake alimwona mume wake amesimama na kitambaa mkononi, akimtazama kama mtu aliyeletewa maji baada ya safari ndefu.

"Taratibu," mume alisema kwa sauti ya chini.

Hilo ndilo jina alilompa siku waliyojuana. Fundi wa vioo alikuwa ameitwa kubadilisha kioo cha mbele cha duka la dobi, na yule msichana aliyekuwa akipiga pasi pale ndani alipomwona anayumba na kile kioo kikubwa mlangoni, alipiga kelele, "Taratibu! Taratibu wewe, utatuua!" Kioo kilipokwisha kukaa mahali pake, fundi alirudi kumuuliza kama angekuwa tayari kumpigia kelele namna ile maisha yake yote. Msichana alicheka mpaka akaunguza shati la mteja.

"Umefunga mlango?" mume aliuliza.

"Nimefunga."

"Basi njoo."

Alikwenda. Walikaa juu ya benchi la kukatia vioo, bega kwa bega. Mume aliushika mkono wake, akaugeuza, akaona alama mpya ya kuungua karibu na kidole gumba.

"Pasi tena?"

"Ina wivu. Inajua ninayemuwaza nikiwa nayo."

"Iambie nami nina wivu. Inakushika mkono kutwa nzima. Mimi mpaka nikuibe."

Alicheka, akamlazia kichwa begani. Harufu ya shati lake ilikuwa ya jasho na gundi ya madirisha, na ilimwingia mpaka akafumba macho. Miezi mingi ilikuwa imepita tangu walipolala usiku mmoja kama mume na mke. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya tatu, chumba kimoja tu chenye dirisha moja. Kitanda chao kilikuwa upande wa mlangoni. Kitanda cha mama mkwe kilikuwa upande wa dirishani, nyuma ya pazia. Katikati kulikuwa na kiti, na mbele ya kiti kibaiskeli cha mazoezi cha mama.

"Kaka anakuja kesho," mke alisema bila kufumbua macho.

"Najua."

"Anataka jibu."

"Na wewe unataka nini?"

Mke aliisugua ile alama ya kuungua. Bosi wake alikuwa anafungua duka la pili la dobi katika mji mwingine, na alimtaka yeye akalisimamie. Nyuma ya duka hilo kulikuwa na vyumba viwili vya kuishi. Kaka yake mkubwa, mtunza stoo aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki, aliposikia habari hiyo alikuwa kama ndiye aliyepewa kazi. Tangu mwanzo hakuipenda ndoa hii. Hakuwa na neno baya juu ya fundi, ila kila alipopanda zile ngazi na kuona mahali dada yake anapolala, alishuka akiwa amekunja uso.

"Twende wote huko," mke alisema. "Vyumba viwili. Mama chake, sisi chetu."

"Kliniki yake iko hapa. Daktari amesema hata safari ya gari ndefu asithubutu. Na hawa," alionyesha vioo kwa kidevu, "wateja wangu wote wako hapa. Nikianza upya kule tutakula nini?"

"Najua. Nimesema tu."

"Subiri, nikuonyeshe kitu."

Aliruka chini, akavuta turubai pembeni. Nyuma yake kulikuwa na vioo virefu vya ukungu, vile vinavyopitisha mwanga bila kuonyesha mtu, vimekatwa vizuri na kingo zake zimesuguliwa mpaka laini.

"Ukuta," alisema, na macho yake yaling'aa kama ya mtoto. "Toka sakafuni mpaka darini. Mama atapata mwanga wake wa dirisha, na sisi tutakuwa na chumba. Nimevikata kidogo kidogo, kila nikibakiwa na kipande."

Mke aliweka mikono yote miwili mdomoni. Alitembea mpaka pale, akakigusa kioo kwa vidole kama mtu anayegusa kitambaa cha bei.

"Mbona hukuniambia?"

Mume alikuna kichwa. Ile furaha ilianza kumtoka usoni.

"Kwa sababu nimepima. Nimepima mara nyingi. Ukuta ukikaa, kibaiskeli hakina pa kukaa."

"Tukiweke chini ya kitanda."

"Kitanda kiko chini mno. Na hata kingeingia, mama hawezi kuinama kukivuta, na mchana wote sisi hatupo."

"Nje kwenye korido?"

"Mwenye nyumba ameshakataa. Nimefikiria hata kukitundika ukutani. Atakitungua nani?"

Walitazamana. Kisha mke alilichukua turubai, akavifunika vile vioo polepole.

"Basi ukuta usubiri," alisema. "Mama kwanza."

"Unasema kweli?"

"Nimeshasema. Kesho kaka akija nitamwambia siendi. Afanye hasira zake zote, atazimaliza."

Mume alimvuta kifuani akamkumbatia kwa nguvu mpaka akaguna. "Nitatafuta namna," alinong'ona. "Ukuta wa kukunja, sijui, hata pazia nene. Nipe muda tu, mke wangu. Nitatafuta namna."

Mke alimwacha akimalizia oda ya watu. Alipotoka, mwili wake wote ulikuwa mwepesi. Alipanda zile ngazi akiimba kimoyomoyo.

* * *

Kile kibaiskeli yeye mwenyewe ndiye aliyekileta.

Mama mkwe aliposhikwa na ugonjwa wa moyo, walimchukua akae nao. Daktari alisema moyo ni msuli, usipofanyishwa kazi unalegea. Atembee kila siku, kwa upole, asubuhi na jioni. Atembee wapi? Zile ngazi zilimwacha anahema hata kwa kuzitazama. Ndipo mteja mmoja wa dobi alipokuwa anahama nyumba, akataka kukitupa kile kimashine: pedeli mbili tu na miguu minne ya chuma, hakina tandiko wala magurudumu. Unakaa kitini, unafunga miguu kwa mikanda, unakanyaga. Mke wa fundi alikibeba begani mpaka ghorofa ya tatu. Alikitia mafuta ya cherehani, akakata kipande cha mpira akakitandika chini yake ili jirani wa ghorofa ya pili asije kugonga dari kwa ufagio.

Siku ya kwanza mama mkwe alicheka mpaka akashika kifua. "Hiki ni kibaiskeli cha mkosaji gani? Kimenyang'anywa hata magurudumu!" Lakini alikanyaga. Mwezi baada ya mwezi alikanyaga, na rangi ikamrudi usoni, na kliniki wakamsifu. Alikuwa mama mkwe wa kipekee. Ni yeye aliyekuwa mtu wa kwanza kumwita yule msichana yatima "mwanangu", na alipomwita hivyo hakuwa anatafuta kitu.

Jioni ile mke alipofungua mlango, alisikia pedeli zikianza kuzunguka kwa haraka, kri-kri-kri, kama mwanafunzi anayeshika kitabu mwalimu akiingia.

"Karibu mwanangu," mama mkwe alisema. "Unanikuta safarini."

"Pole na safari, mama."

Alitaka kucheka. Lakini macho yake yalikwenda kwenye miguu ya yule mama. Ilikuwa imewekwa tu juu ya pedeli, na mikanda ilikuwa inaning'inia pembeni, imefungwa pamoja kwa fundo. Fundo hilo alilijua. Alilifunga yeye mwenyewe alipokuwa akifagia, siku nyingi zilizopita, ili mikanda isiburuzike sakafuni.

Aliinama, akaubonyeza mguu wa mama mkwe uliovimba juu ya kifundo. Kidole kiliacha shimo, na shimo halikujaa.

"Mama. Umeacha tangu lini?"

"Kuacha nini?"

"Mama."

Yule mama aliondoa miguu kwenye pedeli, akaikunja chini ya kiti kama mtu anayeficha kitu.

"Kaa chini, mwanangu."

"Nimeuliza umeacha tangu lini."

"Kaa, nimesema."

Alikaa ukingoni mwa kitanda chake. Magoti yao yalikaribia kugusana. Chumba hakikuruhusu zaidi.

"Mimi nina masikio," mama mkwe alianza. "Moyo ndio mbovu, masikio mazima. Nikikohoa, nasikia mnavyoachiana. Nikijigeuza, nasikia mnavyonyamaza. Hata panya wa nyumba hii wana faragha kuliko nyinyi. Kaka yako alipokuja mara ya mwisho akauliza mtoto atapita wapi, mlidhani nimelala. Sikulala. Nilijiuliza hilo hilo."

"Kaka ana mdomo mrefu, usimsikilize."

"Ana haki. Na mimi nimekula maisha yangu. Nilikuwa na mume wangu katika chumba kama hiki hiki, lakini tulikuwa wawili. Nimeona kwamba kuna njia moja tu ya chumba hiki kuwa chenu, na njia yenyewe haina kelele. Sinywi sumu, sijitupi dirishani. Nakaa tu. Ni dhambi kukaa?"

Macho ya mke wa fundi yalikwenda dirishani, kisha yakarudi. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ya hasira.

"Unataka nikuzike?"

"Nataka mlale."

"Nitamwambia mwanao. Akiingia tu, namwambia."

"Mwambie." Mama mkwe hakupandisha sauti. "Atafunga karakana akae hapa kunilinda kama kuku juu ya mayai. Mtakula vioo. Halafu mfikirie vizuri mwanangu ninayemjua. Akishajua kwamba mama yake alitaka kufa ili yeye alale na mkewe, unadhani atakugusa tena? Hata nikiishi, hata nikifa, atakugusa tena?"

Mke alijua ni kweli, kwa sababu alimjua mume wake vilevile.

Alipiga magoti sakafuni. Alilifungua lile fundo kwa meno, akaishika miguu ya mama mkwe mmoja mmoja, akaifunga kwenye pedeli, akaizungusha kwa mikono yake. Yule mama alikubali. Machozi yalimtoka naye akakanyaga, na kwa kitambo walikuwa wakifanya kazi moja, mmoja juu mmoja chini. Kisha mke alipoachia, pedeli zilisimama.

"Kesho ukiwa kwenye pasi zako," mama mkwe alisema kwa upole, "nani atanishika?"

Mke alibaki pale pale sakafuni. Alitazama kitanda hiki, akatazama kile. Alikaa hivyo mpaka magoti yakaanza kumuuma. Mwishowe akauliza, bila kuinua kichwa:

"Nikiondoka mimi, utakanyaga?"

"Uondoke uende wapi?"

"Nijibu, mama."

"Sitaki uondoke! Nimefanya yote haya ili ubaki!"

"Sikukuuliza unataka nini. Mimi nikiondoka, hakuna wa kupishwa. Mwanao atabaki na wewe tu. Na wewe ukifa, atabaki na nani?"

Mama mkwe alijifunika uso kwa ncha ya khanga yake. Mabega yalimtikisika.

"Mtoto wewe una roho ngumu," alisema ndani ya kitambaa.

"Nimejifunza leo. Kwako."

* * *

Kesho yake fundi alifunga karakana mapema. Alirudi nyumbani amevaa shati jeupe ambalo mke wake alikuwa amelipiga pasi mwenyewe, na mkononi ana mkate na majani ya chai. Alitaka kumkirimu shemeji yake vizuri. Mtu anayejua atashinda huwa na moyo mkunjufu.

Kaka mkubwa aliketi juu ya kitanda cha mume na mke, maana kiti kilikuwa na mwenyewe. Mama mkwe alikuwa amekaa kitini kimya, mikono mapajani.

"Shemeji," kaka mkubwa alianza, "unisamehe kwa nitakayosema, na mama pia anisamehe. Sina ugomvi na mtu humu. Lakini dada yangu anaishi kwenye korido. Watu wakilala, hakuna pa kukanyaga. Nilipomlea sikumlea kwenye nafasi kubwa, sijidai. Ila nilitaka aende mbele, asirudi nyuma."

"Nimekuelewa, shemeji," fundi alisema, akimmiminia chai huku akitabasamu. "Wala sina la kubisha. Lakini mwenyewe si yupo? Tumwache aseme. Taratibu, mwambie kaka yako."

Mke alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama kaka yake tu.

"Nitakwenda, kaka. Leo hii, kama gari unalo."

Chai ilifurika kikombeni, ikamwagika kwenye sahani.

"Umesemaje?" fundi aliuliza.

"Nimesema nitakwenda."

"Mwanangu, sikiliza..." mama mkwe alianza, akinyoosha mkono.

"Mama, tafadhali." Hakumgeukia. "Wewe pumzika."

Fundi aliliweka birika sakafuni, akamshika mke wake kiwiko, akamtoa nje kwenye ngazi. Aliuvuta mlango nyuma yake, lakini mlango ule haukuwahi kuzuia sauti hata siku moja.

"Jana uliniambia nini?"

"Jana ilikuwa jana."

"Ulinikumbatia. Ulifunika vile vioo kwa mikono yako ukasema mama kwanza. Nani amekugeuza usiku mmoja? Kaka yako?"

"Kaka hajui kitu."

"Basi nini? Kuna mtu?"

"Usinitukane."

"Nikutukane? Mimi? Nimekukosea nini, niambie nijue. Nimekunyima nini nilichokuwa nacho?" Sauti yake ilianza kupasuka. "Nitazame basi. Hata kunitazama huwezi?"

Alimtazama. Lilikuwa kosa, kwa sababu macho ya mume yalikuwa mekundu na bado yalikuwa na matumaini. Angeangalia sekunde moja zaidi angesema kila kitu.

"Nimechoka," alisema.

"Umechoka na nini?"

Mke aliutazama mlango.

"Ni mama." Fundi alishusha sauti, lakini ndani wote walisikia. "Sivyo? Sema tu. Umechoka na mama yangu."

Mke alishika ukuta. Mle ndani, mwanamke aliyekuwa wa kwanza kumwita mwanangu alikuwa amekaa kitini, anasikiliza.

"Ndiyo," alisema. "Nimechoka na mama yako. Nimechoka kumpisha, nimechoka kuinama, nimechoka na hicho kibaiskeli chake. Umeridhika?"

Mume alirudi nyuma hatua moja, kama amepigwa. Alifungua mdomo amjibu, na ndipo kutoka ndani kukasikika mlio. Kri. Kri. Polepole mwanzoni, halafu mfululizo, kri-kri-kri, bila kusita.

"Unamsikia?" fundi alinong'ona. "Mgonjwa wa moyo umemtukana anasikia. Na badala ya kukulaani, anafanya mazoezi yake."

"Namsikia."

Alifumba macho, akaegemeza kichwa ukutani, na pumzi ndefu ikamtoka. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Mume aliiona, akadhani ni ya dharau.

"Kachukue vitu vyako," alisema.

Vitu vyake havikuwa vingi. Alivikusanya wakati kaka yake ameshuka kuwasha gari na mume amesimama dirishani amewapa mgongo. Mama mkwe alikuwa anakanyaga tu, macho mbele, machozi yanamdondokea mapajani. Mke alipopita kuchukua kitana chake, aliinama kama anayekaza mkanda wa pedeli.

"Ukiacha," alimwambia sikioni, "nitakuwa nimeondoka bure."

Yule mama aliitikia kwa kichwa.

Mume hakugeuka mpaka alipomsikia mlangoni.

"Nikipata nyumba kubwa," alisema, akiliambia dirisha, "nikutafute?"

Mkono wa mke ulikuwa kwenye kitasa. Alijua kwamba nyumba kubwa haipo, na kwamba mtu huyu angeitafuta mpaka azeeke.

"Usinisubiri," alisema.

* * *

Walikuwa wameshatoka mjini, barabara imenyooka na mashamba pande zote mbili, kaka mkubwa alipokohoa.

"Umefanya vizuri," alisema. "Itauma, halafu itapoa. Ila, dada, pale kwenye ngazi ulinishtua. Yule mama hakustahili maneno yale. Mimi mwenyewe, kwa ukali wangu wote, nisingeyasema."

Hapo ndipo alipoanza kumweleza. Alimweleza yote, akitazama barabara, kwa sauti ya kawaida kama anayehesabu mashuka: fundo la mikanda, mguu uliobonyea, alichosema mama mkwe, na alichomjibu. Kabla hajamaliza kaka yake alikuwa ameshasogeza gari pembeni na kulizima.

Kaka mkubwa alishika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzito.

"Mungu wangu," alisema. "Na mimi nimekaa pale nanywa chai yao. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwambia."

"Ningemwambia, ndiyo! Ana haki ya kujua! Mke wake anampenda, anamwacha, na yeye anabaki kumchukia bure?"

"Akinichukia atalala. Akijua hatalala."

"Tunarudi." Alishika ufunguo. "Tunarudi sasa hivi. Nitamweka chini yule mama, nitamwambia mimi. Nitawatafutia chumba kingine, nitauza hata gari. Hakuna mtu anayelazimika kufa wala kuondoka kwa sababu ya nafasi ya kuweka kimashine. Ni ujinga! Tutakaa wote, tutapata njia."

"Kaka."

"Nini?"

"Huna chumba cha kutupa. Na gari ni la kazini kwako."

Kaka aliuachia ufunguo. Lori lilipita, gari lao likatikisika.

"Hata hivyo tunarudi," kaka alisema, ila sasa kwa sauti ya kubembeleza. "Utamwangalia wewe mwenyewe. Asubuhi utamfunga miguu, jioni utamfunga miguu. Akikuona upo hatathubutu kuacha."

Ndipo dada yake alipomgeukia. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Aliponiambia ameacha," alisema, "aliponiambia chumba kitakuwa chetu, unajua nilifanya nini?"

"Ulikasirika. Umenieleza."

"Kabla ya kukasirika. Kabla sijafungua hata mdomo." Aliikunja ncha ya sketi yake. "Nilifurahi, kaka. Mara moja tu, ikapita. Niliona kitanda chetu kimesogezwa dirishani. Niliona pazia limetolewa. Mama yupo mbele yangu, mzima, ananipenda, na mimi nilishaona tutakavyopanga vitu."

Kaka mkubwa alitazama usukani.

"Ukinirudisha, nitamfunga mikanda kesho na kesho kutwa. Mwezi mzima nitamfunga. Halafu siku moja nitarudi kutoka kazini nimechoka, nitaona hajakanyaga, na nitanyamaza. Najijua. Nitapita nikabandike chai. Na mume wangu atalia mikononi mwangu, nami nitambembeleza."

Upepo ulikuwa unalaza majani ya shambani upande mmoja. Kaka alimtazama dada yake kwa muda mrefu, yule ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kuandika jina lake, akamshika mkono siku ya maziko ya mama yao. Alitaka kumwambia kwamba si kweli, kwamba yeye si mtu wa namna hiyo. Alilitafuta neno hilo kwa moyo wake wote, wala hakulipata.

Aliwasha gari. Hakuligeuza.